Saa Sita ya Nani

Walimwita kwa sababu walikuwa wamepotelewa na saa.

Ukumbi wa mapatano haukuwa na dirisha hata moja. Ulijengwa hivyo makusudi, ili wakubwa wasisikie ya nje na wa nje wasisikie ya wakubwa. Siku arobaini walikuwa wamo humo, wakila, wakibishana, wakisinzia vitini na kuzinduka na kuagiza nyama tena, mpaka ikafika mahali hakuna aliyejua kama nje kumekucha au kumekuchwa. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa. Saa za mikononi zilikuwa nyingi na kila moja ilisema lake. Ndipo mmoja wao akakumbuka kwamba nchi inaye mwanamke ambaye kazi yake ni hiyo tu, kusema saa. Akaamrisha aletwe.

Mwanamke huyo alikuwa Kidawa. Kwa miaka thelathini alikuwa ameketi katika chumba kidogo cha Idhaa, mbele ya kipaza sauti, na kila saa ilipotimia aliitaja. Basi. Hakusoma habari, hakupiga muziki. Watu waliinjika uji kwa sauti yake, walimeza dawa kwa sauti yake, walifungua na kufunga maduka kwa sauti yake, na wako waliozaliwa na kufa ambao dakika zao hizo mbili zilijulikana kwa kuwa Kidawa alikuwa ametoka tu kusema. Uso wake hakuna aliyeujua. Sokoni alipanga foleni kama mtu mwingine, akapigwa vikumbo kama mtu mwingine, na hilo lilimpendeza.

Njia ya kwenda ukumbini ilikuwa ujia mrefu uliopambwa picha za wote waliowahi kukalia Kiti. Kidawa alitembea akizitazama. Nyuso zilikuwa tofauti, mavazi tofauti, majina tofauti, lakini kadiri alivyosonga aligundua kwamba mdomo ulikuwa mmoja. Mdomo uleule, umehama kutoka uso hadi uso kwa miaka mia, umelowa kidogo pembeni, kama wa mtu aliyetoka kula na yu tayari kula tena. Alihisi kwamba hatua zake hazimpeleki mbele ila zinamzungusha, kwamba alikwisha kuupita ujia huu kabla hajazaliwa na ataupita tena akiwa kaburini. Kisha askari akafungua mlango, na harufu ikampokea.

Ilikuwa harufu ya mafuta ya mbuzi yaliyoganda, ya jasho la watu wasiooga, ya mchuzi uliochacha chini ya zulia. Meza ilikuwa ndefu kama barabara na juu yake mifupa ilikuwa imerundikana hata wajumbe waliokaa upande huu hawakuweza kuwaona wa upande ule bila kunyanyuka. Nzi hawakuruka. Walikuwa wameshiba mno, wakitembea taratibu juu ya sahani na juu ya mikono ya watu.

Katikati ya meza, wakitazamana, walikaa wale wawili. Majina yao yalikuwa marefu na yalitanguliwa na vyeo, lakini mitaani waliitwa Mnene na Mrefu, na inatosha. Mnene alikuwa kwenye Kiti. Mrefu alikuwa anakitaka. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawakusema kwamba mafahali hao huweza kula kwenye hori moja siku arobaini, bega kwa bega, huku zizi linaungua.

"Bibi Saa," alisema Mnene, akifyonza uboho kutoka kwenye mfupa wa paja. "Karibu. Tuambie, mama, saa ngapi huko duniani?"

"Saa tatu asubuhi, Mtukufu."

"Saa tatu ya jua," alisema Mrefu. Alikuwa anachokonoa meno kwa pini ya beji ya bendera. "Kwa kitabu ni saa tisa. Useme vizuri."

"Ni asubuhi ileile, Mtukufu," Kidawa alijibu.

Na kweli ilikuwa asubuhi ileile. Tangu zama, nchi hiyo ilikuwa na hesabu mbili za saa. Hesabu ya jua ilianza jua linapochomoza: likiwa utosini ni saa sita, likizama ni saa kumi na mbili. Hesabu ya kitabu ilianza usiku wa manane, ikaletwa na meli, ikakaa maofisini na mashuleni, na kwa hesabu hiyo jua likichomoza tayari ni saa sita. Hakuna aliyepata kuumia kwa hilo. Ukimwambia mtu njoo saa nne, alikuuliza, "Ya jua au ya kitabu?" ukamjibu, akaja. Nyumbani kwake mwenyewe Kidawa aliishi na hesabu zote mbili, kwa maana yeye alitangaza kwa jua, na mumewe, Mwalimu Fumo, alikuwa akipiga kengele ya shule kwa kitabu. Miaka ishirini na sita walitaniana kwa hilo. "Mke wangu nimemwacha nyuma saa sita," Fumo alipenda kuwaambia wageni, "lakini jioni tunakutana kwenye sinia." Hawakujaaliwa mtoto, na utani ule waliulea kama mtoto.

Katibu wa mapatano, mtu mmoja mwembamba aitwaye Nyangasa, aliyekuwa na macho mekundu kama ya mtu anayekatakata vitunguu, alimpa Kidawa karatasi. Alieleza kwamba mapatano yameisha, kilichobaki ni kifungu cha mwisho, na kwa kuwa kifungu hicho kinataja saa, yeye Kidawa ndiye atakayeitangaza siku hiyo ikifika. Kwa hiyo akisome kwa sauti, wakubwa wasikie kitakavyosikika.

Karatasi ilikuwa na alama za vidole vya mafuta. Kidawa aliishika kwa ncha za kucha, akasoma:

"Mtukufu aliyepo atakalia Kiti mpaka saa sita ya siku ya kwanza ya mavuno. Kuanzia saa hiyo atakikalia Mtukufu ajaye. Saa hiyo itathibitishwa kwa tangazo la Idhaa."

Alishusha karatasi. Wajumbe wengine walikuwa wanaangalia sahani zao.

"Saa sita ipi?" aliuliza Kidawa.

Wajumbe waliendelea kutafuna. Akadhani hawakumsikia. Akasema tena, polepole, kama anavyosema mtu kwa wazee waliochoka. "Samahani, Watukufu. Saa sita ya jua ni adhuhuri. Saa sita ya kitabu ni alfajiri, jua linachomoza. Hapo katikati pana asubuhi nzima. Mkiongeza neno moja tu, mkaandika saa sita mchana, au saa sita alfajiri, yamekwisha. Kalamu ninayo hapa."

Akaitoa kalamu.

Hapo ndipo wale wawili walipotazamana. Kidawa alikuwa amesikia miaka na miaka kwamba watu hawa wanachukiana, kwamba chuki yao ndiyo ugonjwa wa nchi, na kwamba ikitibiwa nchi itapona. Lakini alichokiona kikipita juu ya ile mifupa hakikuwa chuki. Kilikuwa tabasamu. Tabasamu dogo, la wanafunzi wawili ambao mwalimu amekaribia kugundua mchezo wao.

"Bi Kidawa," alisema Mnene, akiweka mfupa chini, "unadhani sisi hatujui kuhesabu?"

"Sikusema hivyo, Mtukufu."

"Siku tano tumekaa kwenye neno hilohilo," Mrefu alidakia. "Likiingia mchana, mimi sitii sahihi. Likiingia alfajiri, huyu hatii. Lisipoingia, tunatia wote wawili, leo hii, na watu wako huko nje wanacheza ngoma. Sasa wewe unataka amani au unataka sarufi?"

"Na siku ikifika?"

"Siku ikifika itakuwa siku."

"Watu watauana, Mtukufu."

Mnene alicheka. Kipande cha nyama kikamtoka kinywani kikatua juu ya karatasi, juu kabisa ya neno saa. Akakiokota kwa kidole, akakitazama, akakila. "Watu," alisema akitafuna, "huwa wanauana. Sisi tunawatafutia sababu nzuri tu."

Mrefu naye akacheka, na Kidawa akatambua kwamba walikuwa wanapendana. Kwamba kila mmoja alimhitaji mwenziwe kama kupe anavyomhitaji ng'ombe, ila hapa palikuwa na kupe wawili, na ng'ombe alikuwa nje anangoja kuambiwa ni saa ngapi. Chuki itakayohitajika ilikuwa haijatengenezwa bado. Itatengenezwa huko, na watu ambao hawakuonja hata mchuzi wa meza hii.

Nyangasa alimsogezea karatasi ya mashahidi. "Tia sahihi, mama," alinong'ona. "Usipotia hakuna mapatano, na risasi zitaanza leo badala ya miezi sita ijayo. Miezi sita ni mingi. Lolote linaweza kutokea."

Aliongea kama mtu aliyejiambia maneno hayo mara nyingi mpaka yakampooza. Kidawa alimtazama, akatazama mlango, akatazama askari wa mlangoni. Akatia sahihi. Kalamu iliteleza kwa mafuta, na jina lake likatoka limepinda kama la mtoto anayejifunza kuandika.

Nje jua lilimpiga usoni. Watu walikuwa wanacheza barabarani. Mwanamke asiyemjua alimkumbatia, akamwambia, "Yamekwisha, ndugu yangu, yamekwisha!" Kidawa alinusa mikono yake mwenyewe. Harufu ilikuwa imeshika.

Aliinawa kwa sabuni, akainawa kwa ndimu, akainawa kwa jivu. Mwalimu Fumo alimkuta uani, ameinamia beseni, na Kidawa akamsimulia yote.

"Watarekebisha tu," alisema Fumo. Alikuwa mtu mpole, mwenye chaki kwenye mikunjo ya vidole. "Wakubwa hawawezi kuiacha nchi ianguke kwa neno moja. Watakaa tena."

"Walicheka, Mwalimu."

"Wakubwa hucheka."

"Alikula kile kipande. Kilichoanguka kwenye karatasi. Alikiokota akakila."

Fumo aliingia ndani. Akamletea taulo.

Saa ni nini? Katika siku zilizofuata Kidawa alijiuliza hivyo kila alipowasha kipaza sauti. Miaka thelathini alikuwa ameamini kwamba anaiona ikija, kama mtu anavyomwona mgeni kwenye kona ya njia, na kwamba kazi yake ni kuwapigia watu hodi kwa niaba yake. Sasa alianza kushuku kwamba saa haiji. Kwamba jua linapita juu halijui jina lake, kivuli kinarefuka hakijui jina lake, na kuna kinywa mahali fulani kinachosema: hii ni sita. Mwenye kinywa hicho ndiye mwenye siku. Anayesema sasa ni wakati wa kula, wengine wanakula. Anayesema sasa ni wakati wa kufa. Alijaribu kumalizia wazo hilo, likakwama kooni kama mwiba wa samaki. Je, na kinywa changu? Kinywa changu ni cha nani? Nimekikopesha miaka thelathini, sikuuliza kinarudi kimelamba nini.

Miezi sita ilipita kwa namna ya ajabu, mingine mirefu kama mwaka, mingine mifupi kama kikohozi. Wale wawili hawakukaa tena. Walizunguka nchi. Mnene alisimama kwenye viwanja akasema saa ya jua ndiyo saa ya mababu, na anayehesabu kwa kitabu ni mtumwa aliyeachwa na meli. Mrefu alisimama kwenye viwanja vilevile, siku mbili baadaye, mavumbi yakiwa hayajatulia, akasema saa ya kitabu ndiyo akili, na anayehesabu kwa jua ni sawa na kuku. Watu walipiga makofi. Mwanzoni walipiga makofi kama wanavyopigia wachekeshaji. Baadaye wakaacha kucheka, makofi yakabaki.

Kisha mambo madogo yakaanza. Muuza maziwa alikataa kumuuzia mteja wake wa miaka mingi kwa sababu alimwambia nitarudi saa tisa. Harusi moja ilivunjika: upande wa bwana harusi ulifika kwa kitabu, upande wa bibi harusi ukawangoja kwa jua, na walipokutana hawakuuliza ya jua au ya kitabu kama zamani, walitupiana sahani. Maiti wa mzee mmoja alikaa uani asubuhi nzima, wanawe wakigombana azikwe saa nne ya nani, mpaka majirani wakaziba pua. Kidawa alipita hapo. Aliona wale wana wawili wamesimama kila mmoja upande wake wa jeneza, midomo imelowa pembeni, na akauona ule mdomo wa ujiani, umetoka kwenye picha, umeteremka mjini, unatafuta nyuso.

Shuleni kwa Fumo watu wa jua waliingia siku moja wakaing'oa kengele, wakampiga Mwalimu mbele ya wanafunzi wake, wakamlazimisha kusema kwa sauti kwamba yeye ni mtumwa wa meli. Alirudi nyumbani jicho limevimba. Kidawa alimkanda kwa maji ya chumvi. Siku ya nne, wakiwa wanakunywa chai, redio ya jirani ikasikika ikitoa sauti ya Kidawa iliyorekodiwa: saa mbili kamili asubuhi.

"Saa nane," alisema Fumo.

Kidawa alitabasamu, akidhani utani umerudi.

"Ninasema saa nane. Katika nyumba hii itasemwa saa nane."

"Mwalimu, miaka ishirini na sita..."

"Ni sauti yako walikuwa wanaiiga walipokuwa wananipiga. Unajua hilo? Kila ngumi waliitaja saa. Kwa sauti yako."

"Mimi sikuwatuma."

"Ulitia sahihi."

Kikombe kilikuwa mkononi mwa Kidawa na hakukiweka chini. Alitaka kusema kwamba alimsimulia, kwamba ni yeye Fumo aliyesema watarekebisha. Lakini alimtazama mumewe na kuona kwamba maneno hayangemfikia. Alikuwa ameketi palepale kwenye kigoda chake, na alikuwa mbali. Wiki hiyohiyo alianza kulala shuleni na vijana waliojiita Walinzi wa Kengele. Alibeba mkeka na panga la kufyekea majani.

Siku ya kwanza ya mavuno, jua likiwa bado chini ya milima, Kidawa alikwenda Idhaa kama kawaida. Askari walikuwa wamejaa ngazini, wa Mnene upande wa kushoto na wa Mrefu upande wa kulia, wamebanana hata walikuwa wanapumuliana shingoni. Walikuwa vijana wa rika moja. Wengine walikuwa wanagawana sigara.

Ndani ya chumba chake aliwakuta maofisa wawili na karatasi mbili. Ya kwanza ilisema, "Sasa ni saa sita kamili." Ya pili ilisema, "Sasa ni saa kumi na mbili asubuhi." Nyuma ya kioo, fundi mitambo, Hoza, mtu wa makamo ambaye kwa miaka kumi na tano hawakuwahi kuzungumza ila kwa ishara za vidole, alikuwa amekaa na jasho likimchirizika.

"Utasoma hii," alisema ofisa wa kwanza.

"Utasoma hii," alisema wa pili.

"Nipeni zote," alisema Kidawa.

Alizipokea, akazikunja pamoja, akazikalia. Hoza alinyanyua vidole vitatu, viwili, kimoja. Taa nyekundu ikawaka.

"Jua limechomoza," alisema Kidawa. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini sauti yake ilitetemeka. "Hiyo ndiyo saa. Jua limechomoza, na mnaliona. Mimi naitwa Kidawa. Nilikuwa ukumbini siku ile. Niliwaambia waongeze neno moja, nikawapa kalamu. Walijua. Wote wawili walijua. Walikaa siku tano juu ya neno hilo, na waliliacha nje kwa makusudi ili leo mkitoka majumbani mwenu muwe na sababu. Nilisikia mmoja akisema watu huwa wanauana. Mwingine akacheka. Walikuwa wanakula nyama. Hawachukiani, ndugu zangu. Wanatuchukia sisi, na hata hiyo si chuki, maana chuki humwona mtu. Nami nilitia sahihi. Niliogopa, nikatia sahihi. Msimpige mtu kwa ajili ya saa. Rudini ndani. Chemsheni chai."

Taa ikazimika. Hakuna aliyepiga risasi. Ofisa wa kwanza alikuwa amelegeza mdomo. Wa pili alikuwa anatazama buti zake. Nje, kupitia ukuta, Kidawa alisikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia mjini saa hiyo: kimya. Mji mzima ulikuwa umesimama na kijiko mkononi. Ikaendelea hivyo, pumzi kumi, pumzi ishirini, na katika pumzi hizo alithubutu kuamini.

Kisha simu mbili zikalia pamoja.

Maofisa walizipokea. Walisikiliza, wakaitikia ndiyo Mtukufu, ndiyo Mtukufu, kwa wakati mmoja, kama watu wanaosoma kiapo. Wakamsogeza Hoza kitini. Walimtaka ile kanda iliyorekodiwa, na kila mmoja alikata alipopataka. Haikuchukua muda. Redio zilipofunguliwa tena, Idhaa ilikuwa imegawanywa masafa mawili: ya watu wa Mnene yalikuwa na sauti ya Kidawa ikisema, "Jua... hiyo ndiyo saa," na kurudia, na kurudia. Masafa ya watu wa Mrefu yalikuwa na sauti yake ikisema, "Jua limechomoza. Hiyo ndiyo saa," kwa maana jua linapochomoza kwa kitabu ni sita, na sasa mwenye Kiti ni mwingine. Halafu pande zote mbili zikatia kipande kimoja, kilekile, bila kupatana: "Wanatuchukia sisi."

Risasi ya kwanza ilipigwa ngazini, na walewale waliokuwa wanagawana sigara.

Hoza alimtoa Kidawa kwa mlango wa nyuma, akamsukuma kwenye uchochoro, naye akarudi ndani kuchukua koti lake. Hakutoka tena.

Kidawa alitembea. Alikuwa na wazo moja tu, kwamba amfikie Fumo. Alipita mitaa anayoijua ambayo ilikuwa imegeuka migeni. Madukani vyuma vilikuwa vimeshushwa. Mtu mmoja alikuwa amelala kifudifudi karibu na bomba, na maji yalikuwa yanamwagika, na kuku walikuwa wanayanywa. Moshi ulinuka, na Kidawa aliijua harufu hiyo. Ilikuwa ileile ya ukumbini, imetandazwa juu ya mji kama shuka.

Karibu na shule palikuwa na kizuizi cha madawati. Foleni ya watu waliokuwa wanakimbia ilisimama mbele yake, watu thelathini au zaidi, na vichwani matandiko, na mikononi sufuria. Walinzi wa Kengele walikuwa wanawapitisha mmoja mmoja. Kila aliyefika mbele aliulizwa swali moja, akajibu, akapita, au akapelekwa nyuma ya choo cha shule. Kutoka nyuma ya choo hakuna aliyekuwa anarudi.

Aliyekuwa anauliza alikuwa Mwalimu Fumo.

Alikuwa na shati lake la kijivu, limetota jasho kwapani. Panga lilikuwa chini ya mkono kama fimbo ya ubaoni. Kidawa alisogea na foleni. Alidhani Fumo akimwona ataliangusha lile panga. Alipofika mbele walitazamana, na kwa kitambo kifupi jicho la Fumo, lile lililovimba lisipone vizuri, likalowa. Lakini vijana wawili walikuwa wamesimama nyuma yake, wanamtazama Mwalimu wao waone atafanya nini.

"Saa ngapi?" alisema Fumo.

Jua lilikuwa limepita katikati ya upeo na utosi. Kwa jua ilikuwa saa nne. Kidawa alilijua jibu lake kama alivyojua jina lake, na aliliona pia lile jingine, likitengenezwa polepole na midomo ya mumewe, bila sauti, kama alivyokuwa akiwasaidia wanafunzi dhaifu siku ya mtihani. Ku-mi.

"Saa kumi," alisema Kidawa.

"Pita."

Alipita. Hatua tano, hatua kumi. Kilichomshangaza ni jinsi ilivyokuwa rahisi, jinsi ulimi ulivyoteleza. Alipitisha mkono kinywani na ukatoka umelowa.

Nyuma yake alikuwa amesimama bibi mmoja mnene, muuza mboga, kapu lake bado kichwani. Kidawa alimsikia akiulizwa. Alimsikia akisita. Kisha bibi akajibu kwa sauti ya mtu anayeshika kitu anachokiamini, "Saa nne, baba. Si huwa tunaambiwa redioni? Bi Kidawa hadanganyi."

Kapu lilianguka. Mchicha ulisambaa mpaka miguuni mwa Kidawa, mbichi, umefungwa mafungu kwa ukindu. Alijua kwamba anatakiwa kugeuka. Kulikuwa na nafasi bado, nafasi ya kusema mimi ndiye, mniulize mimi. Aliinama badala yake, akatapika juu ya mboga za yule bibi, akatapika mpaka hakikubaki kitu ila maji machungu, na alipomaliza alijifuta, akaruka lile dimbwi kwa uangalifu asichafue viatu, akaendelea kwenda.

Nyuma yake foleni ilijongea hatua moja.

"Anayefuata," alisema Mwalimu Fumo.